Dakika Mbili za Kumwambia Mfalme

"Muda umekwisha," alisema mkurugenzi wa maigizo, akapiga makofi mara moja. "Na bado hujamwambia."

Binti aliyekuwa amekaa chini, miguuni pa mfalme, hakuinuka. "Anajua," alisema.

"Atajuaje? Hukutamka neno kifo hata mara moja."

"Anajua."

Mfalme, ambaye Jumamosi ile alikuwa msichana wa Kihmong, jamii iliyohamia kutoka Asia, wa miaka kumi na minne, mwenye miwani na fulana ya timu ya kikapu ya shule yake, aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alijua. Sisi tuliokuwa tumekaa pekupeku kwenye zulia la ukumbi wa chini ya kanisa, huko Fridley, ughaibuni, tulijua pia. Mtu mmoja tu ndani ya ukumbi ule hakujua, na huyo ndiye aliyekuwa anagawa nafasi za kuigiza.

Nianze na mazuri yake, kwa sababu nikiyaruka nitakuwa mwongo. Mkurugenzi yule, Mzungu, alikuwa mwalimu hodari. Mimi nilisoma tamthilia sekondari, Tanzania, na sikuwahi kusimama hata mara moja. Mwalimu aliandika ubaoni maudhui, dhamira, migogoro, wahusika, sisi tukanakili, kwenye mtihani tukarudisha kile kile alichotupa. Nilipata alama ya juu kabisa kwa tamthilia ambayo sikuwahi kutamka sentensi yake moja kwa sauti. Wakati ule sikuuliza kitu. Nilikuja kuuliza baadaye, nilipoanza kuuliza kila kitu, na nikagundua kwamba tulifundishwa maigizo kama watu wanaofundishwa kuogelea kwa kuchora maji.

Kwa mkurugenzi huyu hakukuwa na kukaa vitini. Vijana walitembea ukumbini wakisoma, wakageuka kila walipofika kwenye nukta. Walirushiana mistari kama mpira. Waliganda kama sanamu ili tuone nani ana nguvu na nani hana. Mtoto aliyeapa asubuhi kwamba anachukia kusoma, kufikia saa sita mchana alikuwa na mistari kumi na miwili kichwani, ya tamthilia iliyoandikwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliwakasirikia walimu wangu wote kwa mpigo, kisha nikaomba kazi. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa ofisini Plymouth, mji wa jirani, nikikagua maelezo ya matumizi ya vifaa vya hospitali. Jumamosi nilikuwa msaidizi wake.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya mfalme mzee aliyebaki ikuluni wakati mwanawe akiongoza jeshi vitani. Mjumbe anakuja mbio, na kwenye sentensi yake ya kwanza kabisa anasema kijana amekufa. Kisha anaeleza kwa mistari arobaini jinsi alivyokufa. Kila kijana aliitaka nafasi hiyo, maana ni mahali pekee ambapo mtu anashika jukwaa peke yake na hakuna anayemkatiza.

Kabla hatujasoma maandishi, mkurugenzi alitaka kila jozi ilete habari ile kwa maneno yao. Dakika mbili. "Msifikiri," alisema. "Mwili haudanganyi."

Basi miili ikaja. Mmoja aliingia akipiga mayowe. Mwingine alianguka, akabingirika hadi kwenye mguu wa piano. Wote walisifiwa. Kisha akaingia binti huyu, wa miaka kumi na mitano, mzaliwa wa hapa, mtoto wa Wakenya.

Alisimama mlangoni, akasalimia. Akamuuliza mfalme ameamkaje. Akauliza nani mwingine yupo nyumbani. Mfalme alikuwa na simu mkononi. Binti aliichukua taratibu akaiweka mbali, kioo kikiangalia chini. Akauliza kama amekula. "Nimekula siriali na maziwa," mfalme alijibu, na ukumbi ukacheka. Binti hakucheka. Alivuta kiti. "Kaa, mzee," alisema, kwa Kiswahili, na ni mimi tu niliyeelewa maneno, lakini mfalme alikaa. Binti naye akakaa chini, akamshika kisigino, akanyamaza. Kicheko kilififia chenyewe. Tulisikia mashine ya kupasha joto ikinguruma ukutani.

Hapo ndipo mkurugenzi alipopiga makofi.

"Umekwepa," mkurugenzi alimwambia, kwa upole, na upole wenyewe ulinikera zaidi. "Tamthilia hii inahusu ukweli kusemwa. Wewe umeuficha. Huo ni woga, na woga tunaweza kuufanyia kazi." Tulipokuwa tunarudisha viti aliniambia pembeni kwamba nafasi ya mjumbe labda ataipata yule wa piano.

Nilikasirika, ingawa kama kuna mtu aliyestahili kuwa upande wa mkurugenzi, ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Saint Paul, bibi yangu aliyenilea alipofariki nyumbani. Watanzania wote wa Saint Paul na miji ya jirani walijua kabla yangu. Mjomba alinipigia simu akasema bibi hajisikii vizuri kidogo, nisome, nimalize mitihani. Nilifanya mtihani wa takwimu bibi akiwa ameshazikwa siku tatu. Jumapili yake, mchana, nilifungua mlango nikakuta watu wanane kwenye korido wamebeba sufuria la pilau, na hakuna aliyenitazama usoni. Mama mmoja aliichukua simu mkononi mwangu, akaniuliza kama nimekula. Nilipiga kelele kabla hajamaliza swali. Wao wanasema walinihurumia. Mimi nasema waliniibia mazishi, na nimewaambia hivyo, na nitawaambia tena.

Sasa mtu ambaye hajawahi kufungua mlango akakuta watu namna hiyo anakuja kusema ni woga. Wale watu wanane walikuwa wameacha kazi, wameendesha gari kwenye theluji, wamekaa na mimi mpaka Jumanne wakipokezana. Kiite ujinga, kiite ukatili wa watu wema, nitakubali. Woga haukuwepo. Najua hoja yangu ina kasoro: ukweli wa jambo hautegemei nani amekula pilau lake. Hata hivyo nilikasirika.

Mama yake binti ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee na hufanya shifti za wikiendi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namrudisha nyumbani kwao Champlin. Binti anaelewa Kiswahili chote cha mama yake lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake mengi hapa nimeyatafsiri mimi, ila neno "anti" ni lake mwenyewe.

"Anti, nilikosea?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona amesema vile?"

"Hajaelewa. Mimi nilielewa. Mimi nililetewa pilau."

Alicheka kwa kushtuka. "Sisi tuliletewa chapati. Anti, chapati! Tulikula chapati mpaka Pasaka."

Kisha akanieleza. Baba yake alifariki ghafla kazini, majira mawili ya baridi yaliyopita. Alitoka shule akakuta magari ya watu wa kanisa yamejaa pakingi, na viatu vimepangwa mlangoni mpaka nje. Mama mmoja akamvua begi. Mwingine akamuuliza kama ana njaa. Wakamkalisha katikati ya watu, wakaimba, wakaomba, na katika maombi yote walisema "wakati huu mgumu."

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Mpaka leo hakuna mtu aliyenitamkia ile sentensi. Niliisoma kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi."

Niliangalia barabara.

"Ndiyo maana nataka nafasi ya mjumbe," aliendelea. "Kwenye maandishi anasema, sivyo? Mwanzo kabisa. Nataka kuisema. Wima, kwa sauti. Nataka mtu mmoja aambiwe."

Kumbe alichokifanya ukumbini hakikuwa maoni yake. Aliambiwa alete habari kwa njia yake, akaleta kwa njia pekee aliyowahi kuletewa. Alikuwa anaisubiri sentensi ya kwenye kitabu, na sasa alikuwa anakaribia kunyimwa.

Jumanne, saa ya chakula, nilikaa kwenye gari langu nje ya ofisi nikampigia mkurugenzi. Nilieleza vizuri. Nilieleza vizuri kupita kiasi, kama mtu anayetetea tasnifu: kwetu habari ya msiba haitupwi, inatembezwa, inatafutiwa mtu mzima wa kuipeleka, mwenye kuipokea anakalishwa kwanza. Alisikiliza. Akasema inavutia, lakini jukwaa ni jukwaa. Nikaona nashindwa. Na mimi sipendi kushindwa na watu wapole. Basi nikamwambia kuhusu baba yake binti.

Sauti yake ikabadilika. "Oo. Masikini. Asante kwa kuniamini."

Nilirudi kwenye meza yangu nimeridhika na nafsi yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikula tufaha, nikafungua mwongozo wa mashine ya kupimia mapigo ya moyo, nikajiona mtetezi.

Jumamosi alituketisha duara. Akatangaza kwamba nafasi ya mjumbe ni ya binti, na vijana wakapiga makofi. Binti alijifunika uso kwa furaha. Kisha mkurugenzi akaendelea. Alikuwa amefikiri sana, alisema, na ameamua kubadilisha tukio lote. Mistari arobaini itaondolewa. Mjumbe ataingia bila kusema kitu. Nyuma yake watakuja wengine wamejifunga vitambaa vya rangi, ngoma ikilia kwa mbali. Atamkalisha mfalme, atamshika mguu, na kimya kitabaki. "Kwa sababu katika utamaduni wake," alisema, akiuangalia ule mduara kwa macho ya mtu aliyeguswa kweli, "ukweli hausemwi. Na yeye anaujua mwilini. Alimpoteza baba yake akiwa na miaka kumi na mitatu."

Vijana wote wakageuka kumtazama. Msichana wa Kihmong akaweka mkono mdomoni.

Binti hakumtazama mkurugenzi. Alinitazama mimi.

Mkurugenzi akavuta kiti katikati. Ni zoezi linaloitwa kiti cha maswali: unakaa, unajibu kama mhusika, wenzako wanakudadisi. Kwa kawaida ni zoezi zuri. Nimewahi kuona mtoto akijibu pale swali ambalo wasomi wa vitabu wangelizungukazunguka kwa kurasa mia. Binti akakaa. Mkurugenzi akauliza mwenyewe swali la kwanza, kwa sauti ya chini kabisa: "Mjumbe, siku ile ya baba yako, nani alikuletea habari?"

"Mjumbe hana baba kwenye tamthilia hii," binti alijibu. "Ana mistari arobaini. Naomba mistari yangu."

Akainuka, akaenda kuvaa viatu.

Siku ile alikaa kiti cha nyuma cha gari, kama abiria wa teksi. Tulivuka mto. Nilisema samahani. Nikasema nilitaka apate nafasi. Nikasema mengi.

"Nilikuambia wewe," alisema. "Gari lilikuwa na watu wawili."

"Najua. Nimekosea."

"Ungeniuliza. Ningekataa, lakini ungeniuliza." Kisha, baada ya taa mbili za barabarani: "Ulidhani bila baba yangu singeipata?"

Nimelitafuta jibu tangu siku ile. Nimemkasirikia sana Mzungu aliyegeuza msiba wa mtoto kuwa mapambo. Lakini malighafi nilimpelekea mimi, na nilimpelekea kwa sababu nilipomwona binti akikinyamazisha kicheko cha ukumbi mzima kwa kukaa chini tu, sikuamini kwamba hiyo ilitosha. Niliona msiba. Alikuwa ananionyesha uigizaji.

"Nifanye nini?" niliuliza.

"Usifanye kitu, anti. Tafadhali."

Lile la kutofanya kitu lilinishinda nusu. Jioni ile nilimpigia mkurugenzi nikamwambia alichofanya ni aibu. Aliumia, nilisikia. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia," alisema.

"Nilikosea kukuambia. Wewe umekosea kutangaza. Hayo ni makosa mawili, na yeye hana hata moja."

"Nilitaka kuheshimu utamaduni wenu."

"Utauheshimu vipi huku umemkata yeye ulimi?"

Akasema sanaa lazima itoke mahali pa kweli. Nikamuuliza mbona yule wa piano hakuulizwa anatokea wapi. Mbona yeye aliruhusiwa kuigiza tu. Hapo akasema tutaona Jumamosi, namna watu wa hapa wanavyosema wakiwa hawataki kugombana.

Jumamosi hatukuona kwa njia aliyoitarajia. Vitambaa vilikuwa tayari kwenye boksi, mtu ameazima ngoma. Ilipofika zamu ya mjumbe, binti aliingia mbio, kama maandishi yanavyotaka, akasimama mbele ya mfalme, akasema sentensi ya kwanza. Hakupiga kelele. Kisha ya pili, kisha mistari yote arobaini, bila karatasi, akigeuka kwenye kila nukta kama alivyofundishwa na mtu yule yule. Mwenye ngoma alisahau kupiga. Mfalme, ambaye alielekezwa kusimama imara, kwenye mstari wa saba akakaa sakafuni.

Mkurugenzi alikuwa mwalimu hodari, nimeshasema. Alitazama karatasi yake, akafuta kitu kwa kalamu. "Tutabaki na hii," alisema. Hakuomba radhi. Boksi la vitambaa lilirudi stoo.

Siku ya onyesho, Jumapili saa tisa alasiri, mama yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake ya zambarau chini ya koti, na hakuja peke yake. Alileta kanisa. Walijaza safu mbili nzima, na chupa za chai, na sambusa kwenye foili, na mtoto mchanga mmoja. Walitulia vizuri mpaka mjumbe alipoingia mbio na kutamka, wima, kwamba mwana wa mfalme amekufa.

"Ai!" mama mmoja wa safu ya pili akasema kwa sauti. "Si angoje akae kwanza!"

"Shh!"

"Shh nini? Mzee wa watu ataanguka!"

Safu mbili zilicheka, na kwa mbele Wazungu wakageuka. Nilimwangalia binti. Hakutikisika. Alisubiri kicheko kipite, kama tulivyowafundisha, akaanza mstari wa pili. Kufikia wa kumi safu ya pili walikuwa wametoa leso. Mama yake hakutoa leso. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya kiti cha mbele yake, akimtazama mwanawe kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Baadaye tulisimama kwenye varanda ya kanisa tukila sambusa. Binti alikuja na mavazi yake ya mjumbe, anang'aa, na watu wakamkumbatia kwa zamu.

"Hongera, mama," mama yake alimwambia, akimfuta vipodozi shavuni kwa kidole. "Lakini wewe! Kwani hukuona mfalme hajaketi? Nani alikufunza kutangaza kifo hivyo, kama habari za mpira?" Watu wakacheka.

Binti hakucheka. "Mum," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimjibu mama yake kwa Kiswahili, pole pole, akichagua. "Mimi, nani aliniambia?"

"Kukuambia nini?"

Binti alimtazama tu.

Uso wa mama ulibadilika kidogo kidogo. "Si pasta wetu wa kanisani?" alisema.

"Hapana."

"Si shangazi yako? Nilimtuma shangazi yako."

"Aliniuliza kama nina njaa."

Mama aliweka sahani kwenye ukingo wa dirisha bila kuangalia anaiweka wapi. Watu waliokuwa karibu walianza kuongea juu ya pakingi na barafu, kwa haraka, wakisogea mbali, na safari hii sikuwalaumu. Mama alikuwa ameushika mkono wa binti na alikuwa ameanza kusema kitu, kwa sauti ya chini, akimtazama usoni.

Mkurugenzi alitokea ubavuni mwangu na kikombe cha chai, macho yamewaka. Alikuwa ameona. Yeye huona kila kitu, hiyo ndiyo kazi yake.

"Wanaongea nini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Sijui," nilimwambia, nikasogea nikasimama mbele yake, katikati ya njia, na sambusa yangu mkononi, mpaka akaelewa kwamba sitampisha.